Kalamu Isiyoandika

Marehemu mume wangu, Sostenes Ngassa, alikuwa karani wa mizigo pale Isaka kwa miaka ishirini na saba, na kila aliyewahi kusubiri lori au behewa pale anamkumbuka kwa maswali yake. Naandika habari zake kwa sababu mbili. Ya kwanza, wajukuu wake wanakua na hawakumjua. Ya pili, tangu mwaka juzi yapo maneno hapa Didia kwamba Ngassa aligawa nyumba yake kwa kitendawili. Maneno hayo yana ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo ninayotaka isomwe vizuri.

Sostenes alikuwa akiamka na swali kama wengine wanavyoamka na kiu. Macho bado yamefumba, mkono unapapasa miwani kwenye stuli, na sauti ya usingizi inasema:

"Mama Philomena, pweza ana mioyo mingapi?"

"Mmoja, kama watu wote."

"Mitatu. Sasa fikiria akipenda."

"Fikiria akinuna," namjibu, naye anacheka mpaka kitanda kinalia.

Hakusoma zaidi ya kidato cha nne. Mimi ndiye niliyesomea ualimu, nikafundisha Kiswahili miaka thelathini na moja, nikastaafu nikiwa mwalimu mkuu msaidizi. Lakini ukitaka kujua kwamba shingo ya twiga ina mifupa saba, sawasawa na shingo yako, ulimuuliza yeye. Alivikusanya vitu hivyo kutoka kwenye redio, kwenye magazeti yaliyofungiwa sabuni, kwa mapadre, kwa madereva. Akavitia katika kaunta buku moja kubwa aliyoifunika kwa karatasi ya kalenda. Maswali aliyaandika kwa wino wa buluu, kwa nambari. Majibu aliyaandika kwa wino mwekundu, na kalamu hizo nyekundu nilimpa mimi, za kusahihishia madaftari ya watoto.

Isaka wakati wa kiangazi ni mahali pa kuota ndoto bila kulala. Makontena yamepangwa kama nyumba zisizo na milango. Joto linapanda juu ya reli, na ukitazama kuelekea Tabora unaona vyuma viwili vinayeyuka na kuwa kimoja. Madereva wa kwenda Rwanda na Burundi wanasubiri karatasi zao, leo wanaambiwa kesho, kesho wanaambiwa kesho. Sostenes aliwaambia kwamba katika sayari ya Zuhura siku moja ni ndefu kuliko mwaka mzima, na kwamba kwa maoni yake Isaka iko Zuhura.

Mchana wakati wa chai walikusanyika kwenye kibanda cha Martina, mama wa maandazi, kwenye kivuli cha malori. Hapo ndipo palipokuwa na chemsha bongo ya Ngassa.

"Neno moja tu," anasema. "Mama analiweka kichwani chini ya ndoo. Bibi analitumia kuchotea maji mtungini. Diwani analiongoza. Fundi cherehani analifanya kwa mkasi. Neno gani?"

Wanakuna vichwa. Mmoja anataja kitambaa, mwingine anataja serikali. Sostenes anakunywa chai yake taratibu, halafu anasema, "Kata," nao wanapiga kelele kama timu yao imefunga bao.

Au anawauliza neno la Kiswahili lenye herufi tano, linalosomeka vilevile ukianzia mbele au nyuma, na ndani yake mna tatu. Hilo lilimkalisha dereva mmoja siku mbili nzima. Alilipata akiwa njiani, karibu na Nyakanazi, akapiga simu kulipigia kelele sikioni mwa mume wangu: "Utatu!"

Swali alilolipenda kuliko yote lilikuwa la dhahabu. Gramu moja ya dhahabu, alisema, ukiivuta kwa ustadi inakuwa uzi wa zaidi ya kilomita mbili. Siku moja nilimfuata kazini nikamkuta amesimama relini peke yake, mikono nyuma, akitazama mbali.

"Unatazama nini, Baba Philomena?"

"Napima uzi," akasema. "Ungefika pale kwenye mti ule, ukapita."

Hakuwahi kushindwa chemsha bongo pale Isaka, ila mara moja, na hiyo mara moja ndiyo iliyotuletea haya yote. Ilikuwa mwezi wa Aprili mwaka 2009. Mimi sikuwepo. Nasimulia kama alivyonisimulia jioni ile, akiwa hajavua hata viatu.

Kijana mmoja aitwaye Mayala, mzaliwa wa upande wa Samuye, alikuwa akisubiri lifti ya lori la Marwa, dereva tuliyemzoea. Lori lilikuwa likienda Rwanda, lingemwacha Ushirombo, na kutoka hapo angetafuta usafiri wa kwenda machimbo ya Geita. Alisikiliza maswali ya Sostenes mchana mzima bila kusema neno. Marwa alipowasha gari, Mayala akapanda juu ya turubai, akageuka.

"Mzee Ngassa! Kitendawili!"

"Tega!"

"Kalamu ya baba ilikwisha siku moja. Haikuandika hata herufi, na mpaka leo watu wanaikumbuka."

Sostenes akafikiri. Akajaribu jembe. Siyo. Akajaribu fimbo ya kuchungia. Siyo. Akajaribu mshumaa, kidole, mkia wa ng'ombe. Watu wakaanza kucheka. Martina akasema, "Leo profesa amepatikana!" Mwisho mume wangu akainua mikono.

"Nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

Wanaosoma haya wanajua mchezo ulivyo. Aliyeshindwa hutaja mji wowote anaoufikiria, aliyetega huupokea, husema alikwenda huko, akala hiki na kile, akarudi, kisha hutoa jibu.

"Chukua Tabora," akasema Sostenes.

"Tabora nimekaa. Sitaki."

"Chukua Mwanza."

"Mwanza si yako. Ni ya samaki."

"Kigali."

"Sina pasipoti, mzee!" Kicheko. "Unagawa vya watu. Nipe mji wako."

Hapo inabidi nieleze jambo. Huku kwetu mji si Mwanza na Tabora tu. Mji ni nyumba ya mtu na uwanja wake, zizi lake la ng'ombe, mahali anapopokea wageni na mahali atakapozikwa. Mwenye mji ni baba wa nyumba. Mwaka ule Sostenes alikuwa amemaliza kupaua nyumba yetu hapa Didia, na watu wote pale kibandani walijua, kwa sababu alikuwa amewauliza ni bati ngapi zinahitajika kwa paa la pande nne.

Akasimama. Akasema, "Haya. Nakupa mji wangu."

"Nimeupokea," akasema Mayala.

"Sasa toa jibu."

"Mji hupokewa mlangoni, mzee. Siku nikija kuuchukua, nitakuja na jibu."

Lori likaondoka. Sostenes aliona mkono wake ukipunga juu ya turubai mpaka vumbi likaumeza.

Niliposikia nilikasirika. "Umesema hivyo mbele ya watu?"

"Ni mchezo, Mama Philomena."

"Kama ni mchezo, mbona hujavua viatu?"

Alikwenda kwenye kaunta buku, akaandika kwa buluu: 318. Upande wa pili, mahali pa wino mwekundu, akaacha wazi.

Pakakaa wazi miaka kumi na mitatu. Sikumbuki jambo lililomshughulisha kama lile. Nikipika, yeye ananitazama kupitia mvuke wa sufuria na kusema, "Labda ni moshi." Tulikwenda Mwadui kwenye harusi ya mpwa wake. Wakati bwana harusi anavishwa pete, Sostenes akaninong'oneza kwamba almasi na ncha ya penseli ni kitu kimoja, vyote kaboni, na kwamba huenda jibu liko hapo. Kila jawabu alilolijaribu aliliandika kwa penseli pembezoni mwa ukurasa, akalikata. Nami nilijaribu. Nilikisoma kitendawili kile pale kwenye daftari, kwa mwandiko wake mzuri wa karani, mara nyingi kuliko nilivyosoma barua zake za uchumba. Kalamu. Wino. Unyoya. Sikupata kitu.

Alistaafu, akarudi Didia moja kwa moja, akalima mpunga. Mei 2022 figo zilimshinda. Siku mbili kabla hajafariki alifungua macho akanitazama kwa furaha, kama mtu aliyeona jamaa yake kwenye umati.

"Ni reli," akasema.

"Reli haikwishi, Baba Philomena."

"Mwanza inakwisha."

Nikamwambia pengine ndiyo hiyo. Tulimzika hapa hapa uwanjani, upande wa mashariki, na kaburi lake linatazama mlango.

Mayala alikuja Agosti mwaka juzi, saa nne asubuhi, nikianika mpunga kwenye turubai. Nilimwona tangu barabarani. Alikuwa anakuja polepole, anasimama, anatazama nyumba, anakuja tena. Kijana wa lori alikuwa amekuwa mtu mzima mwenye mvi na kikohozi. Alivua kofia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu."

"Naitwa Mayala. Nilipata habali za malehemu nikiwa machimboni. Poleni sana. Nimekuja kwa helima, sina ugomvi." Alitaka kusema heri na hekima kwa pamoja, nadhani. Akaendelea: "Nimekuja kupokea mji."

Nilimpa maji. Nilimwambia arudi Jumamosi, tutakaa na wazee. Sikumwambia hapana, na hilo watu wengi hawakunielewa, kuanzia shemeji yangu Maduhu.

"Shemeji, mtu anakuja kudai nyumba kwa kitendawili, wewe unampa maji?"

"Ulitaka nimpe nini?"

"Fimbo! Au mwambie tu kaka alikuwa anatania. Neno moja, yameisha."

Lakini neno hilo ndilo lililokuwa gumu. Mume wangu alipokea mizigo ya watu kwa miaka ishirini na saba. Akisema behewa limefika, limefika. Wafanyabiashara walikuwa wakiondoka bila hata karatasi, kwa sababu Ngassa amesema. Leo mimi mjane wake nisimame uwanjani, mbele ya kaburi lake, niseme kwamba aliposema "nakupa" hakuwa na maana ya kutoa? Huko kwenye mashine ya kusaga, maneno yalikuwa yameshaanza. Mmoja alisema Ngassa alijua mioyo ya pweza lakini hakujua kulinda mji wake. Mwingine alisema tuone sasa kama neno la Ngassa lilikuwa neno. Nikikataa, namfanya mume wangu mtu wa maneno matupu. Nikikubali, naondoka na kumwachia mgeni kaburi lake.

Jumamosi asubuhi walikuja. Bujiku, mwenyekiti wa kitongoji, alikaa kwenye kiti cha Sostenes, nami sikupenda. Maduhu alikaa mkabala na Mayala kama jogoo. Martina alipanda basi kutoka Isaka, amevaa kitenge cha kanisani, kwa sababu nilimwomba aje aseme ukweli.

"Alisema?" Bujiku akamuuliza.

"Mama Philomena anisamehe," Martina akaanza.

"Sema ulichosikia," nikamwambia.

"Alisema. Alisema nakupa mji wangu. Na alikuwa amesimama wima kama anaimba wimbo wa taifa."

Maduhu akasonya. "Walikuwa wanacheza!"

"Walikuwa wanacheza," Martina akakubali, "ila huyu mzee alikuwa hachezi akicheza."

Bujiku akamgeukia Mayala. "Bwana Mayala, wewe kwa moyo wako, unadhani mtu anaweza kutoa nyumba kwa kitendawili?"

Mayala alitazama chini, kama anasoma mchangani.

"Mwenyekiti, mimi nilikuwa nacheka siku ile. Sikufikilia. Lakini nilipofika Geita, nikashuka kwenye duala, kule chini, joto, giza, nikajiambia, Mayala, una mji wewe. Wenzangu walikuwa wakiniita tajili wa Didia. Nikawa nauona. Mlango wa buluu. Unatazama mashaliki. Jiwe la kusagia liko kushoto. Sikuwahi kufika hapa, mwalimu. Miaka kumi na mitano kila nikishuka nauona."

Wote wakageuza shingo kutazama mlango wangu. Ni wa buluu. Jiwe la kusagia liko kushoto. Unatazama mashariki. Nilihisi uwanja umenyanyuka kidogo, kama mtu anapobebwa na usingizi kwenye kiti. Bujiku akakohoa.

"Duala limejaa maji mwaka jana," Mayala akaendelea. "Mke wangu Vumilia yuko Ushilombo kwenye chumba cha kupanga. Sina pengine pa kulejea. Nikasema niende kwenye neno la malehemu."

Nilimhurumia, lakini niseme ukweli: wakati akisema, sehemu moja ya kichwa changu ilikuwa darasani. Huku kwetu herufi r humkimbia mtu asubuhi, na l hukaa mahali pake. Nimeisahihisha maisha yangu yote. Kila Mayala alivyofungua mdomo, kalamu nyekundu ilikuwa ikitembea yenyewe kichwani mwangu: duara, shimo la wachimbaji. Tajiri. Mashariki. Kurejea. Marehemu.

"Mwenyekiti," nikasema, "kabla ya jambo lolote, mji hautolewi bila jibu. Alisema atakuja nalo. Na ategue hapa hapa."

"Jibu ninalo," akasema Mayala.

"Kwanza tega tena. Mimi sikuwepo siku ile. Nataka kukisikia kwa mdomo wako."

"Shemeji," Maduhu akalalamika, "sasa na wewe unacheza?"

"Nyamaza, Maduhu. Tega, baba."

Mayala akanyoosha mgongo. Uso wake ukafanana na ule wa kijana wa juu ya turubai niliyekuwa nimemwona kwa masimulizi tu.

"Kitendawili!"

"Tega," nikasema.

"Kalamu ya baba ilikwisha siku moja. Haikuandika hata helufi, na mpaka leo watu wanaikumbuka."

Kalamu nyekundu kichwani mwangu ikapita. Herufi. Ikarudi nyuma, kwa mazoea tu, ikagusa neno la kwanza.

Miaka kumi na mitano tulikuwa tumelisoma neno lile kwa macho. Sostenes alilisikia, akaliandika vizuri kama karani, na tangu hapo hakuna aliyelisikia tena. Angekuwa mtoto wa darasa la tatu ameniambia kwa mdomo, ningempata kabla hajamaliza.

"Baba yako alikuwa mkulima?" nikamuuliza Mayala.

"Mkulima na ng'ombe kidogo."

"Akachinja."

Akanitazama. "Mwaka mmoja mahindi yalikubali. Akaita kijiji kizima. Fahali wawili, wali, pombe, ngoma mpaka asubuhi. Mwaka uliofuata ukame ukachukua ng'ombe wote. Hakuweza tena. Lakini ukifika kwetu, wazee wanakwambia, wewe ni mtoto wa yule…"

"Wa yule aliyefanya karamu," nikasema.

Akaishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Jibu ni karamu. Karamu ya baba. Ilikwisha siku moja, haikuandika hata herufi, na mpaka leo watu wanaikumbuka."

"Ndiyo hiyo hiyo," akasema polepole. "Kalamu."

Martina ndiye aliyeanza. Alicheka akajifunika uso kwa kitenge. Bujiku akafuata, halafu Maduhu akapiga goti lake akisema, "Kaka yangu! Kaka yangu na kamusi zote zile!" Mayala alitutazama mmoja mmoja, kisha akacheka pia, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamtoa machozi. Mimi sikucheka. Nilitazama kaburi.

Kicheko kilipotulia Mayala akafuta uso. Hakuwa mjinga. "Umepata, mwalimu. Lakini aliyetegewa ni malehemu, na malehemu alishindwa. Umechelewa."

Bujiku akanigeukia. "Ana hoja."

"Anayo," nikasema. "Lakini nimuulize yeye. Siku ile ulitoa jibu?"

"Sikutoa."

"Basi kitendawili kilibaki kimetegwa. Kilikaa katika nyumba hii miaka yote, tukala nacho, tukalala nacho, na leo nyumba hii imekitegua kabla wewe hujatoa jibu. Hilo moja. Lakini sitaki kusimama hapo tu, maana mume wangu alisema nakupa, na neno lake halirudi. Nikuulize la pili. Aliyepewa mji katika kitendawili anaufanyaje?"

Akafikiri. "Anakwenda."

"Halafu?"

"Anasema amekula nini. Amekunywa nini."

"Halafu?"

Hapo akaelewa. Nilimwona akielewa, na haikuwa rahisi kwake, maana nyumba aliyoibeba shimoni miaka kumi na mitano ilikuwa ikiondoka machoni pake taratibu, na mlango wake wa buluu. Akatazama kofia yake.

"Anarudi," akasema. Ilikuwa r safi kabisa, nami nilishangaa ilikotoka.

"Huo ndio mji aliokupa Sostenes," nikamwambia. "Hakutoa pungufu, na mimi sitatoa pungufu. Umekuja. Sasa utakula."

Bujiku alisema hana la kuongeza. Maduhu, ambaye asubuhi alitaka fimbo, ndiye aliyekwenda zizini kumkamata mbuzi. Martina alivua kitenge cha kanisani akajifunga changu cha jikoni. Majirani walisikia sauti wakaja kuona kama tumepigana, wakakuta tunachambua mchele, wakakaa kuchambua nasi. Ule mpunga niliokuwa nikiuanika siku aliyokuja ndio tuliopika. Sijui watu walikuwa wangapi. Nilimnawisha Mayala mikono mwenyewe, kwa birika la mume wangu, mbele ya wote.

Alikula kama mtu anayesikiliza. Alipomaliza alisimama.

"Nilikwenda Didia," akasema. "Nikapokelewa na mwalimu. Nikala wali, nikala nyama ya mbuzi, nikanywa maji ya kisima cha malehemu. Nikaona mlango wake. Nikaona kabuli lake. Nikashiba. Sasa nimeludi. Jibu lake ni kalamu."

Hakuwa amesogea hata hatua moja kutoka kwenye mkeka, lakini alikuwa na sura ya mtu anayeshuka kwenye gari baada ya safari ndefu, anayetafuta ardhi kwa miguu.

Nilimsindikiza mpaka barabarani kungoja basi la Kahama. Nilikuwa nimemfungia Vumilia chakula kwenye hotipoti. Jua lilikuwa limelala upande wa mashamba, na vumbi la magari lilikuwa la rangi ile ile ambayo Sostenes angetafutia swali.

"Mwalimu," Mayala akasema, "malehemu alijalibu majibu mangapi?"

"Yaliyoandikwa ni arobaini na moja."

"Yote akifikilia kalamu ya kuandikia?"

"Yote akifikiria kalamu ya kuandikia."

Akatikisa kichwa, akatabasamu. Basi lilipofika nilimwambia hotipoti ni ya Ngassa, na vyombo vya Ngassa hurudishwa. Akasema atairudisha. Ameirudisha mara mbili sasa, kila baada ya mavuno, pamoja na karanga kutoka shamba la wakwe zake Ushirombo, na kila mara inaondoka imejaa.

Jioni ile, watu walipokwisha kuondoka, nilitoa kaunta buku. Nikafungua 318. Nikashika kalamu nyekundu. Nilikaa muda na mkono hewani, kwa sababu zilikuwepo njia mbili za kuliandika jibu lile, na moja ni ile niliyoipigania miaka thelathini na moja.

Nililiandika kwa l, kama lilivyotoka mdomoni mwake. Sikulipigia mstari. Wajukuu wakija likizo mmoja wao atalikuta, na kwa kuwa ni wajukuu zangu atakuja mbio kunionyesha kosa. Nitamwambia akae hapa mlangoni, alisome kwa sauti.